Kila Filamu Ina Tarehe Mbili

Najua nimepotea kwa mwezi mmoja hivi, na kuna wale wanaoniuliza ile sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata imefikia wapi. Inakuja, msichoke. Leo nataka kuwasimulia kisa cha skripti niliyoiandika kwa muda wa saa tatu, ikafanya kazi bila hitilafu hata moja, halafu ikamwangusha mpwa wangu katika somo la historia.

Kisa chenyewe kilianza Ijumaa moja jioni, dada yangu mkubwa aliponipigia simu. Binti yake ana miaka 16 na anasoma hapa Nairobi katika shule inayofuata mtaala wa Cambridge. Katika historia, darasa lao linasoma sehemu inayohusu Marekani kuanzia 1919 hadi 1941, yaani kipindi cha katikati ya vita viwili vya dunia. Kuna magari ya Ford, muziki wa jazi, marufuku ya pombe, Ku Klux Klan, kuanguka kwa soko la hisa mwaka 1929, Mdororo Mkuu wa uchumi, halafu Rais Roosevelt na mpango wake wa New Deal. Mambo ni mengi, na yote ni ya nchi ambayo mtoto mwenyewe hajawahi kuikanyaga.

Dada akampa simu. "Anko, habari yako? Hicho kitabu kinanilaza usingizi. Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Nitafutie filamu. Mimi nikiona kitu kwa macho sikisahau."

Nikamsikia mama yake kwa nyuma akisema, "Mwambie na ile habari nyingine." Habari nyingine ilikuwa kwamba akipata alama mbaya tena muhula huu, ataliacha somo la historia. Alikuwa ameshaamua. Sasa, mimi shuleni nilikuwa mtu wa hesabu, na chuo kikuu nikasomea sayansi ya kompyuta. Lakini kuna somo moja nililoliacha nikiwa na umri kama wake, na mpaka leo linaniuma. Nikamwambia, "Niachie mimi."

Nanyi mnajua mtengenezaji programu akiambiwa atafute filamu hatafuti filamu. Anaandika programu ya kutafuta filamu, teh teh teh. Kuna data ya filamu ambayo inaweza kupakuliwa bure, basi nikaipakua kwa bando la usiku, nikafungua Python, nikachuja: kisa kiwe Marekani, kiwe cha miaka ya 1920 au 1930. Nikaondoa zote ambazo watazamaji wamezipa chini ya alama 7 kati ya 10. Zilizobaki nikazipanga kuanzia iliyopendwa zaidi, nikakata kumi na mbili za juu, nikazitia kwenye jedwali safi lenye rangi. Saa tano na nusu usiku nikamtumia. Nilijisikia shujaa.

Wiki tatu baadaye dada akanitumia picha ya insha. Hakuongeza neno. Juu ya karatasi kulikuwa na alama 3 kati ya 10 kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika swali moja tu: "Haya umeyatoa wapi?"

Swali lilihusu kesi ya Scopes ya mwaka 1925. Kwa wasioijua, jimbo la Tennessee lilikuwa limepitisha sheria ya kuwakataza walimu wa shule za umma kufundisha kwamba binadamu alitokana na viumbe wa ngazi ya chini. Mwalimu kijana, John Scopes, akashtakiwa katika mji mdogo wa Dayton, na nchi nzima ikageuza macho kutazama. Mpwa wangu aliandika vizuri sana, kwa hisia nyingi. Aliandika kwamba mwalimu alikamatwa akiwa darasani mbele ya wanafunzi wake, akatupwa jela, wananchi wakaandamana usiku na kuchoma sanamu yake, na mwisho wakili wa upande wa mashtaka akaanguka mahakamani na kufa.

Kila kitu alichoandika kimo katika filamu ya Inherit the Wind ya mwaka 1960. Ilikuwa karibu na juu kabisa katika jedwali langu.

Usiku ule ndipo nilipoanza kusoma historia yenyewe, kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kugusa Python. Scopes hakulala jela. Chama cha kutetea haki za raia kilikuwa kimetangaza magazetini kwamba kitamtetea mwalimu yeyote atakayekubali kuijaribu ile sheria mahakamani. Wafanyabiashara wa Dayton wakaona hapo pana nafasi ya kuutangaza mji wao, wakamwita Scopes kwenye duka la dawa, wakamuuliza kama atakubali kushtakiwa. Akakubali. Alikuwa na miaka 24. Yule wakili, William Jennings Bryan, alikufa kweli, lakini usingizini, siku tano baada ya kesi kwisha. Faini ilikuwa dola 100, na mwaka 1927 mahakama ya juu ya Tennessee ikaifuta hukumu kwa sababu faini ilipangwa na hakimu badala ya baraza la wazee wa mahakama. Na hapa kuna jambo ambalo lingempendeza kila msomaji wa ukurasa huu: kituo cha redio cha WGN cha Chicago kilikodi nyaya za simu kutoka Dayton ili kuitangaza kesi moja kwa moja. Hivyo ndivyo mji mdogo kama ule ulivyosikika mbali. Mtoto angeandika hilo, angepata alama. Filamu niliyompa mimi ikampeleka kwenye sanamu inayochomwa moto.

Je, waliotengeneza Inherit the Wind walikuwa waongo? Hapana. Walibadilisha majina yote ya wahusika kimakusudi. Filamu ilitokana na mchezo wa kuigiza wa 1955, na waandishi wake walikuwa wanafikiria enzi yao wenyewe, miaka ya Seneta McCarthy, ambapo mtu angeweza kupoteza kazi kwa kushukiwa tu kuwa mkomunisti. Waliivaa kesi ya 1925 kama kanzu ili waseme ya 1955.

Nilipoelewa hilo nikalitazama jedwali langu upya, na nikaiona hitilafu. Haikuwa kwenye msimbo. Ilikuwa kwenye muundo wa data. Nilikuwa nimeweka safu moja tu ya tarehe, mwaka wa kisa, kumbe kila filamu ina tarehe mbili: mwaka inaouzungumzia na mwaka ilipotengenezwa. Sisi wa kompyuta tunalijua hili. Ukinakili faili la zamani leo, mfumo utakuonyesha tarehe ya leo, na yaliyomo ni ya kale. Anayechanganya tarehe hizo mbili atafuta faili asilopaswa kufuta. Mimi nilizichanganya, na mtoto akafutiwa alama.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa dada. Nikamwomba msamaha mpwa wangu, tena mbele ya mama yake. Akanitazama akasema, "Sasa Anko, kama filamu zinadanganya, si bora nirudi kwa kitabu tu?" Sikuwa na jibu. Nikafungua laptopu, tukachora jedwali jipya pamoja. Safu ya kwanza, jina. Ya pili, mwaka wa kisa. Ya tatu, mwaka wa kutengenezwa. Ya nne aliidai mwenyewe: nani alilipa? Alisema kwamba matangazo ya biashara huwa hayaaminiki mpaka ujue bidhaa ni ya nani. Safu ya alama za watazamaji tukaifuta.

Tukaanza na filamu zenye tarehe mbili zinazokaribiana, yaani zilizotengenezwa katika kipindi kilekile. Ya kwanza ilikuwa Modern Times ya Charlie Chaplin, ya 1936. Nilihofia kwamba atachoka, maana ni nyeusi na nyeupe na karibu yote haina mazungumzo. Alicheka mpaka mdogo wake akaja kuona kuna nini. Chaplin yuko kiwandani anakaza skrubu kwenye mkanda unaopita mbele yake, kasi inaongezwa, na mkono wake unaendelea kukaza hata akiwa nje ya kazi. Bosi anamchungulia kupitia skrini mpaka chooni. Wanamjaribishia mashine ya kulisha wafanyakazi ili wasipoteze muda wa chakula cha mchana. Kitabu chake kilikuwa na aya nzima kuhusu Henry Ford, kwamba mkanda wa kuunganishia magari ulianza 1913 na bei ya gari la Model T ikashuka mpaka dola 260 katikati ya miaka ya 1920. Aya hiyo alikuwa ameikariri bila kuielewa. Baada ya filamu akaniuliza, "Kwa hiyo gari lilikuwa rahisi kwa sababu huyu mtu alikuwa anaumia?" Nikamwambia aliandike swali hilo kama lilivyo.

Ya pili iliwagusa vijana wa rika lake. Inaitwa Wild Boys of the Road, ya 1933, na mwongozaji wake ni William Wellman. Vijana wawili wanaona wazazi wao wamepoteza kazi, wanaamua kuondoka nyumbani ili wasiwe mzigo, wanadandia treni za mizigo kutafuta vibarua. Njiani wanakutana na msichana aliyevaa kama mvulana. Mmoja wao anakatwa mguu na treni. Mpwa wangu aliacha kula karanga. Mwaka ule wa 1933, mfanyakazi karibu 1 kati ya 4 Marekani hakuwa na kazi, na vijana kama wale walikuwa barabarani kweli. Ipo filamu ya hali halisi ya 1997 iitwayo Riding the Rails, ambapo wazee wanasimulia walivyodandia treni hizo wakiwa na miaka kumi na kitu. Inakadiria kwamba vijana walikuwa 250,000. Tuliziangalia mbili hizo siku moja, moja baada ya nyingine. Nawashauri mfanye hivyohivyo.

Lakini Wild Boys of the Road inaishia ajabu. Vijana wanafikishwa mahakamani, na hakimu, badala ya kuwafunga, anawahurumia na kuahidi kwamba mambo yatakuwa mazuri. Nikafikiri, basi, mwisho wa filamu za kawaida. Mpwa wangu akasema, "Anko, rudisha nyuma kidogo. Simamisha hapo."

Nyuma ya hakimu, ukutani, kulikuwa na bango la ndege. Mimi nilikuwa nimelipita bila kuliona. Yeye alikimbia chumbani akarudi na kitabu, kile kinachomlaza usingizi, akafungua ukurasa wenye picha: tai ameshika gurudumu lenye meno kwa mguu mmoja na radi kwa mwingine. Ndiyo nembo ya NRA, shirika la New Deal lililoundwa Juni 1933 kusimamia bei, mishahara na saa za kazi. Waajiri waliokubali masharti yake walibandika tai huyo dirishani. Mei 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sheria iliyoliunda shirika hilo inakiuka katiba, na tai akatoweka.

"Kwa hivyo hii filamu haiwezi kuwa ya kabla ya 1933," akasema, "na baada ya 1935 bango hilo lingekuwa ni la kuchekesha."

Wasomaji, nilinyamaza. Skripti yangu ilisoma tarehe kwenye safu ya data. Mtoto wa miaka 16 alikuwa ameisoma tarehe ukutani, ndani ya picha yenyewe. Tena hakuishia hapo. Aliangalia safu ya nne, nani alilipa, akakuta kampuni ya Warner. Tukasoma kidogo, tukaona kwamba ndugu wa Warner walimuunga mkono Roosevelt katika uchaguzi wa 1932. Sasa huruma ya hakimu ikawa na maana nyingine. Filamu haikuwa inatuonyesha tu njaa ya 1933, ilikuwa inawapigia debe waliosema wataiondoa.

Kuanzia siku hiyo sikumfundisha tena, tulikuwa tunawinda pamoja. Gold Diggers of 1933 inafunguka kwa wasichana wakiimba kwamba fedha zimejaa tele, kisha wadai wanaingia na kuchukua mapambo na nguo za jukwaani. Inafungwa kwa wimbo wa askari wa vita vya kwanza waliosahauliwa. Mwaka mmoja kabla, maelfu ya askari hao walikuwa wamepiga kambi Washington wakidai malipo waliyoahidiwa kwa mwaka 1945, na Julai 28, 1932 jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur likawafukuza na kambi ikateketea. Watazamaji wa 1933 hawakuhitaji kuelezwa.

The Plow That Broke the Plains ya 1936, kazi ya Pare Lorentz, ina dakika 25 hivi na inaeleza jinsi nyanda zilivyolimwa mpaka udongo ukawa vumbi. Nani alilipa? Serikali ya Roosevelt yenyewe. Kwa kuwa ni kazi ya serikali, haina haki miliki, na unaweza kuipakua bure Internet Archive bila kumwibia mtu. Ilinganishe na The Dust Bowl ya Ken Burns ya 2012, ambayo ina wazee walioliona wingu jeusi la Aprili 14, 1935 kwa macho yao. Ila hata hapo, alinikumbusha mpwa wangu, hesabu miaka: waliokuwa hai 2012 walikuwa watoto mwaka 1935. Wanakumbuka kama watoto. Madeni ya benki aliyajua baba yao.

Kuna moja nililoitazama peke yangu kwanza, halafu nikaomba ruhusa ya dada, kwa sababu ina mauaji ya kundi la watu na jaribio la ubakaji. Ni Within Our Gates ya Oscar Micheaux, iliyoonyeshwa Chicago Januari 1920. Ni filamu ya zamani zaidi iliyosalia kati ya zilizoongozwa na Mmarekani mweusi. Miezi michache kabla, mji huohuo ulikuwa umeshuhudia ghasia za rangi za 1919, ndiyo maana wakaguzi wa filamu waliiogopa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa imepotea kabisa, mpaka nakala moja ikapatikana Uhispania, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikairejesha mwaka 1993. Fikiria, nakala moja tu, tena katika nchi nyingine! Ninyi mnaoahirisha kuhifadhi nakala za data zenu, mmesikia. Kitabu cha mpwa wangu kina kurasa kadhaa za Ku Klux Klan na picha za waliovaa mashuka. Filamu hii ndiyo iliyomwonyesha watu weusi wa wakati ule wakisema wenyewe.

Na zile za kisasa, tuzitupe? Hata kidogo. Tulizirudia baadaye kama mchezo wa kutafuta hitilafu. Cinderella Man ya 2005 inasema kweli kuhusu bondia Jim Braddock: alibeba mizigo bandarini, akapokea msaada wa serikali, akaurudisha, kisha Juni 1935 akawa bingwa wa dunia. Lakini inamfanya mpinzani wake, Max Baer, kuwa mtu anayefurahia kuua, ilhali kifo cha mpinzani wake wa 1930 kilimuumiza sana Baer. The Untouchables ya 1987, ambayo ina damu nyingi, inamwonyesha Frank Nitti akirushwa kutoka juu ya paa, kumbe alijiua mwenyewe mwaka 1943. Ila hakimu anapobadilisha baraza zima la wazee wa mahakama katika kesi ya Al Capone, jambo ambalo nilikuwa tayari kuapa ni la kubuni, kumbe hakimu alilifanya kweli mwaka 1931, kabla tu ya kesi kuanza. Na The Great Gatsby ya 2013, anayoipenda kupita zote? Kisa ni New York ya 1922, muziki ni wa Jay-Z, na walipigia picha Australia. "Hiyo ni ya raha, Anko, usiiguse," akaniambia. Sikuigusa.

Haya basi, kwa mzazi, mwalimu au anko aliye na kijana mwenye mtihani kama huu, haya ndiyo tuliyoyapata:

1. Andika tarehe zote mbili kabla ya kubonyeza kucheza.
2. Uliza nani alilipa.
3. Anza na filamu za kipindi chenyewe. Haki miliki ya Marekani kwa filamu za wakati huo hudumu miaka 95, kwa hivyo za miaka ya 1920 sasa ni huru kisheria.
4. Kila ya kuigiza iambatane na ya hali halisi moja, na kitabu kiwe mezani.
5. Kaeni pamoja. Kijana ana macho kuliko wewe.

Mtihani wenyewe bado, kwa hivyo sina alama za kuwatangazia. Lakini wiki jana alipewa nafasi ya kuiandika upya insha ya Scopes. Aliweka duka la dawa, nyaya za simu na faini ya dola 100. Kisha aya ya mwisho akaandika kwamba Inherit the Wind si chanzo cha kuaminika kuhusu mwaka 1925, bali ni chanzo kizuri sana kuhusu woga wa Wamarekani katika miaka ya 1950. Mwalimu amepiga mstari chini ya sentensi hiyo. Dada akanitumia picha, na safari hii akaongeza neno: "Asante."

Habari ya kuacha historia haijatajwa tena pale nyumbani. Mimi nimeifuta ile skripti, lakini jedwali jipya ninalo, na anayelitaka aniambie nimtumie. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, sehemu ya pili. Nitaanza na safu za tarehe.